Bonasi, muda, ubao wa mawazo au kikao cha kweli: ukitaka wafanyakazi wabuni na wapokee mabadiliko, anzia wapi?

Tuseme mwaka huu umetenga fungu kwa ajili ya kuwaamsha wafanyakazi wako. Unataka walete mawazo mapya, na unataka pia waupokee mfumo mpya wa kompyuta unaokuja Julai bila vuta nikuvute. Mshauri wa kwanza atakuambia wape bonasi. Wa pili atasema wape uhuru. Wa tatu atakuuzia semina ya siku mbili Bagamoyo, chai na posho ndani yake. Hapa nimeziweka njia nne ubavu kwa ubavu, kila moja na mahali inapofaa na mahali inapovunjikia. Nina upande wangu na sitauficha: kwa kampuni nyingi za kwetu bonasi ya ubunifu ni ghali na dhaifu, na ile inayodharauliwa kuliko zote, yaani kumshirikisha mtu kabla hujaamua, ndiyo inayorudisha gharama yake mapema.

Ila tukubaliane kwanza kwamba kubuni na kupokea mabadiliko ni mambo mawili. Fundi anaweza kuwa na mawazo tele ya kuboresha karakana na bado akaisusia mashine mpya iliyoletwa bila yeye kuulizwa. Na karani mtiifu anaweza kupokea kila waraka unaoshuka, akausaini, akaufuata, na asitoe wazo hata moja mpaka anastaafu. Njia inayomfaa mmoja inaweza kumharibu mwingine, kwa hiyo kila njia nitaipima mara mbili.

Bonasi na zawadi

Mshahara kwanza. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walipowahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1959, waligundua kwamba mambo yanayomkera mtu kazini na mambo yanayompa moyo si yaleyale. Mshahara ulitajwa zaidi upande wa kero. Upande wa moyo walitaja kufanikisha jambo, kutambuliwa na kazi yenyewe. Utafiti huo umebishaniwa sana tangu hapo, lakini sehemu yake ya kwanza kila mwajiri anaijua. Kama mishahara yako inatoka tarehe 10 ya mwezi unaofuata, usizungumzie ubunifu. Watu wako tayari wanabuni: wanabuni namna ya kuongea na mwenye nyumba.

Mshahara ukishakaa sawa, je, zawadi juu yake inaleta mawazo? Mwaka 1962 mwanasaikolojia wa Marekani, Sam Glucksberg, aliwapa watu mshumaa, kiberiti na kisanduku chenye pini, akawaambia waushikize mshumaa ukutani. Jibu ni kuzimwaga pini, kukibandika kisanduku ukutani kwa pini hizohizo, na kuusimamisha mshumaa juu yake. Kinachowakwamisha watu ni kwamba kisanduku kikiwa kimejaa pini, jicho linakiona kuwa ni chombo cha pini tu. Kundi moja aliliahidi pesa: dola 5 kwa robo ya watu watakaomaliza haraka zaidi, dola 20 kwa atakayewashinda wote. Walioahidiwa pesa walichelewa kuliko wenzao wasioahidiwa kitu, kwa wastani wa dakika 3 na nusu hivi. Kisha akabadilisha jambo moja: pini zikawekwa nje na kisanduku kikaachwa kitupu, jibu likawa kama limeanikwa mezani. Hapo wenye ahadi ya pesa wakawa ndio wa haraka.

Ukitafuta sehemu moja ya kuelewa bonasi, ni hiyo. Njia ikijulikana, pesa huongeza kasi, ndiyo maana kamisheni inamfaa muuzaji na malipo kwa kipande yanamfaa mshonaji wa sare za shule. Njia isipojulikana, pesa humfanya mtu akaze macho mahali palepale alipozoea kutazama.

Na ukiibana zaidi, ubunifu utaupata, ila ule usioutaka. Septemba 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake, wakiandamwa na malengo ya mauzo yaliyofungamanishwa na zawadi na vitisho, walikuwa wamewafungulia wateja akaunti wasizoziomba, zikikadiriwa kufikia milioni 2. Wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa mambo hayo. Walibuni kweli.

Kwetu kuna zawadi nyingine, ile ya mfanyakazi hodari inayotolewa Mei Mosi. Siipingi, watu wanapenda kupigiwa makofi na familia ikiona. Lakini kila ofisi inajua jinsi jina linavyopatikana: mwaka huu zamu ya uhasibu, mwakani masijala. Anayepata anashukuru, wasiopata wanasoma siasa. Sijaona idara ambayo cheti hicho kilimfanya mtu wa pili alete wazo. Posho ya kikao nayo ina madhara yake ya polepole. Ukiwazoesha watu kwamba kuwaza pamoja kunalipiwa, siku fungu likiisha watakaa kimya, na watakuwa na haki, kwa sababu wewe ndiye uliyeweka bei.

Upande wa kupokea mabadiliko, pesa ina nafasi moja nzuri: pale mabadiliko yenyewe yanapoingia katika mfuko wa mtu. Hilo linakuja mbele, tukifika Nairobi.

Muda wa kujaribu

Hadithi inayopendwa ni ya kampuni ya 3M ya Minnesota, ambayo imewaruhusu watu wake wa kiufundi kutumia asilimia 15 ya muda wao kwa miradi wanayoichagua wenyewe. Mwaka 1968 mkemia wake, Spencer Silver, alitengeneza gundi dhaifu inayoshika na kubanduka bila kuacha alama, na kwa miaka hapakuwa na aliyejua ifanyiwe nini. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, aliyekuwa akiimba kwaya kanisani na kukerwa na vikaratasi vinavyodondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, akaikumbuka gundi ile. Karatasi za Post-it ziliingia sokoni kote Marekani mwaka 1980.

Wanaoisimulia kwenye semina hawahesabu: kutoka gundi hadi soko ni miaka 12. Na nyuma ya wale wawili kulikuwa na maabara, mishahara isiyotetereka na kampuni iliyoweza kusubiri. Duka lako la vifaa vya ujenzi lenye watu tisa halina miaka 12. Njia hii nawashauri walio na kazi ya kuunda: waandaaji wa programu, wasanifu, jikoni ya hoteli, walimu wanaoandaa masomo. Hata huko, usitoe muda mtupu. Toa saa za mchana mmoja kwa wiki, toa na kifungu kidogo cha vifaa, na usimuulize mtu Ijumaa hiyohiyo "umepata nini?" Kwa kupokea mabadiliko, muda huru haufanyi lolote la maana.

Mawazo madogo ya kila siku

Mwaka 1950 Eiji Toyoda alikwenda Marekani kukagua kiwanda cha Ford. Miongoni mwa vitu alivyorudi navyo ni mpango wa kukusanya mapendekezo ya wafanyakazi, na Toyota ikauanzisha wake mwaka 1951. Tofauti iliyokuja kujitokeza ni ya ukubwa wa wazo. Wajapani walitaka vitu vidogo vidogo, vingi, vitokavyo kwa mtu anayeifanya kazi, na mara nyingi mtu huyohuyo ndiye anayelitekeleza wazo lake. Huo ndio moyo wa kaizen, yaani kuboresha kidogo kidogo bila kukoma.

Afrika Mashariki jambo hili lina mizizi kuliko wengi wanavyodhani, na halikuanzia viwandani. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kaizen na utaratibu wa 5S, yaani hatua tano za kupanga mahali pa kazi, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, mfano ukitoka hospitali moja ya akina mama Sri Lanka, na Wizara ya Afya ikausambaza katika hospitali nyingine. Wahudumu wa afya Tanzania wanazijua S zao kwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ukiingia wodi inayozishika kweli utaziona kwa macho. Droo ina lebo ya kilichomo. Sakafuni kuna mstari wa rangi unaoonyesha kitoroli cha dawa kinalala wapi. Faili linapatikana muuguzi akiwa bado anaongea na mgonjwa. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichohitaji fedha nyingi. Kilihitaji muuguzi aseme "hapa tunapoteza muda" na mkuu wake ajibu "haya, panga unavyoona."

Wodi isiyozishika pia utaitambua: bango la 5S lipo ukutani, chini yake kuna boksi la makablasha ya mwaka juzi. S ya tano, shikilia, ndiyo inayowashinda wengi, na sababu yake ni ileile inayoua sanduku la maoni.

Sanduku la maoni, basi. Liko karibu na mapokezi, lina kufuli, na hakuna anayejua ufunguo ulipo. Ofisi nyingi zikisema "tulijaribu kuwashirikisha, hawana mawazo", zinamaanisha sanduku hilo. Anayetumbukiza karatasi pale hajui imesomwa na nani, lini, wala imekataliwa kwa nini. Akitumbukiza mara ya kwanza akangoja, hatatumbukiza ya pili.

Badala yake weka ubao mahali watu wanapopita, wazo liandikwe na jina la aliyelitoa, na msimamizi wa zamu, si mkurugenzi, awe na siku saba za kujibu kwa kuandika palepale: limekubaliwa, linajaribiwa, au hapana kwa sababu hii. "Hapana" yenye sababu haimvunji mtu moyo. Kimya ndicho kinachomvunja. Zawadi iwe ndogo, soda na jina kusomwa, isigeuke kuwa biashara.

Kuna sharti moja ambalo ukilivunja mara moja umemaliza: wazo la mfanyakazi lisimpotezee mwenzake kazi. Mpakiaji akionyesha jinsi watu watatu wanavyoweza kufanya kazi ya wanne, na mwisho wa mwezi yule mtu wa nne akapewa barua ya kuachishwa kazi, bohari nzima itakuwa bubu. Kiwanda cha NUMMI cha Fremont, California, kilichofunguliwa mwaka 1984 kwa ubia wa General Motors na Toyota, kiliajiri kwa sehemu kubwa watu walewale wa kiwanda cha GM kilichofungwa hapo mwaka 1982, kiwanda kilichosifika kwa utoro na migogoro. Mkataba wake na chama cha wafanyakazi ulisema kabla ya kupunguza mtu, kwanza mishahara ya wakubwa ishuke na kazi zilizopewa wakandarasi zirudishwe ndani. Mauzo yalipodorora mwishoni mwa miaka ya 1980, watu hawakupunguzwa. Waliwekwa kwenye mafunzo na kazi za kuboresha kiwanda. Ubora wa magari yao ulisifiwa kote nchini. Watu walikuwa walewale.

Kushirikishwa kabla ya uamuzi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mabadiliko mengi yanapofia.

Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha walichokifanya katika kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, Marion, jimbo la Virginia. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, wanalipwa kwa kipande, na kila walipohamishiwa namna mpya ya kufanya kazi uzalishaji ulishuka, manung'uniko yakapanda, wengine wakaacha. Wakubwa walidhani tatizo ni ujuzi. Coch na French wakayagawa makundi. Kundi la kwanza liliitwa, likaelezwa kwamba ushindani umekuwa mkali, kazi itabadilika hivi, kiwango kipya cha malipo ni hiki, maswali yakajibiwa, kikao kikafungwa. Ni mkutano ambao kila mmoja wetu ameshakaa. Kundi la pili lilichagua wawakilishi wa kushiriki kuipanga kazi mpya. Makundi ya tatu na ya nne, madogo zaidi, yalishirikishwa yote mazima: mtu kwa mtu.

Kundi la kwanza halikurudi katika kiwango chake, likabishana na msimamizi, na katika siku 40 za mwanzo asilimia 17 yake wakaacha kazi. La wawakilishi lilijikongoja, likafika katika kiwango ndani ya wiki mbili. Yale yaliyoshirikishwa yote yalirudi haraka zaidi, kisha yakapita kiwango cha zamani kwa asilimia 14 hivi. Jambo linalonifurahisha ni lililofuata. Miezi miwili na nusu baadaye waliobaki wa lile kundi la kwanza walihamishwa tena kwenda kazi nyingine, safari hii kwa kushirikishwa, na wao pia wakapanda haraka. Kumbe hawakuwa "wagumu wa kubadilika" kama walivyoitwa.

Sasa Nairobi. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta kadi ya kulipia nauli ya matatu iliyoitwa BebaPay, na mwaka 2014 serikali ya Kenya ikasukuma magari yote ya abiria yaache kupokea pesa taslimu. Haikufika mbali, na BebaPay ikafungwa mwaka 2015. Wengi walisema wahudumu wa matatu ni watu wasiopenda maendeleo. Angalia jinsi gari linavyoendeshwa: mwenye gari anapelekewa hesabu ya siku, na kinachobaki baada ya mafuta na ada za stendi, pamoja na zile nyingine za barabarani, ni riziki ya dereva na makanga, yaani kondakta. Kadi inapeleka kila shilingi moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye gari. Kwa makanga, mabadiliko hayo yalikuwa ni kufutwa kwa mshahara wake kwa jina la teknolojia. Na hakuwa na ugomvi na simu. Huyohuyo alikuwa akituma pesa nyumbani kwa M-Pesa. Kama angeketishwa mapema akaulizwa "hii ikija, wewe utalipwaje?", jibu lake ndilo lingekuwa kazi ya kwanza ya mradi. Hapo ndipo ile pesa niliyoitaja ina nafasi yake: mpe mtu mshahara wa mwezi badala ya anachokipoteza, kisha mletee kadi.

Kushirikisha kuna sura ya bandia, na sisi tuna uzoefu nayo. Tanzania ina mabaraza ya wafanyakazi tangu Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970, na taasisi za umma zinayaitisha mpaka leo. Mengine yanafanya kazi kweli. Mengine ni siku ya kusomewa bajeti iliyokwisha kupangwa na kunywa soda. Namna ya kuyatofautisha ni rahisi: tazama ajenda, uone kama kuna hata jambo moja ambalo bado halijaamuliwa. Kama hakuna, usiite watu. Watumie waraka tu, ni heshima zaidi. Ukiwaita ukawauliza maoni na kisha ukafanya ulivyokwisha kupanga, umewafundisha kwamba kusema ni bure.

Kasoro za njia hii nazo zisemwe. Inachukua wiki nyingi za mwanzo. Inakupunguzia madaraka, maana kuna siku watakuonyesha mbele za watu kwamba mpango wako una tundu. Na haifai pale ambapo kwa kweli hakuna cha kuchagua: sheria ikisema utumie mashine ya risiti za kielektroniki, utatumia. Waulize basi *namna* ya kuitumia, usijifanye unauliza *kama* itatumika.

Kila kazi na njia yake

Kwa gharama, bonasi inaonekana nafuu mwaka wa kwanza na inadai nyongeza kila mwaka. Muda huru unakula saa za uzalishaji. Ubao wa mawazo unakula umakini wa msimamizi, ambao ndio adimu kuliko fedha. Kushirikisha kunakula ratiba, na majivuno kidogo.

Duka la jumla linalohama kutoka daftari kwenda mfumo wa kompyuta: shirikisha, na anza na yule mwenye daftari. Anaogopa mawili, kuonekana mjinga mbele ya vijana na kukosa kazi. Mjibu yote mawili kabla kompyuta haijafunguliwa boksi. Kiwanda, bohari, hospitali, jikoni: ubao, na msimamizi anayejibu. Timu ya mauzo: kamisheni, na jicho la karibu kwenye aina ya mauzo yanayoletwa. Wasanifu na waandaaji wa programu: muda. Ofisi ya umma, ambako mkuu wa kitengo hawezi kugusa mshahara wala posho ya mtu, nadhani wengi hukata tamaa mapema. Kujibu wazo ndani ya siku saba hakuhitaji kibali cha Utumishi.

Na palipo na hofu, njia zote nne zinalala. Mtafiti Amy Edmondson, akichunguza makosa ya dawa katika hospitali za Marekani, utafiti aliouchapisha mwaka 1996, alikuta timu zenye uongozi mzuri zinaripoti makosa mengi *zaidi*. Hazikuwa zikikosea zaidi, zilikuwa zikisema. Kama katika kampuni yako makosa hayaripotiwi kabisa, shughulikia hilo kabla hujanunua ubao.

Ikiwa bonasi umeshaiahidi, itoe, usile maneno yako. Lakini mwakani usiitangaze mwanzoni: ilipe baada ya kazi, kwa kundi zima, ukiwaonyesha hesabu ya kilichookolewa. Fungu litakalobaki mkabidhi msimamizi wa zamu, naye awe na ruhusa ya kununua kitu chochote kilichoombwa kwenye ubao kisichozidi shilingi 50,000 bila kukuletea fomu ya kusaini.